Kopo la Biskuti

Wenyewe walizipanga ndani ya kopo la biskuti
lililobaki tangu Krismasi,
kila moja na kipande cha plasta mgongoni:
Brina, Tibor, Lučka, Vid, Jernej,
kama majeruhi waliopokewa zahanati.
Nikahesabu. Ishirini na saba. Nikatia sahihi.

Ziwa la Bohinj lilikuwa bado na barafu kingoni,
theluji ya Machi imegoma kuyeyuka mlimani.
Dereva aliyetuleta kutoka Celje alicheka:
"Mwalimu, leo unalala na koo ishirini na saba."
Hakukosea.
Saa nne usiku kopo lilianza kunguruma chini ya kitanda,
mama yake Lučka, baba yake Tibor, shangazi wa sijui nani,
kila mmoja akigonga bati kwa kidole cha mbali:
keshakula? keshalala? kavaa soksi?
Nikalizungushia taulo. Likaendelea kukoroma.

Msinione katili. Sheria hii niliiandika mimi.
Mwaka jana, ziwa hili hili, chumba namba sita,
mtoto alikojoa kitandani
na kabla shuka halijapoa
picha yake ilishafika Celje,
imepita sokoni, imepanda ngazi za nyumba yao,
imemtangulia kwao.
Hakurudi tena shuleni kwetu.
Mama yake alikuja kuchukua madaftari,
hakuniuliza kitu.
Angeniuliza, ningepumua.

Kikaoni Bwana Pirnat alisimama: "Na moto ukiwaka?"
Nikamwambia, simu yangu ninayo.
"Na ukiungua wewe?"
Watu wakacheka. Mimi nilikwenda nalo nyumbani swali lile.

Saa saba na nusu usiku napita ukumbini na soksi,
mbao za sakafu zikinisengenya.
Chini ya mlango wa namba nne, mstari wa buluu.

Jernej. Blanketi gubigubi, uso unang'aa
kama samaki ndani ya jokofu lililosahauliwa wazi.
Ile aliyoniwekea koponi ilikuwa kuukuu, mfu,
ya marehemu babu yake;
nami nilihesabu maiti pamoja na walio hai.

Nikanyoosha mkono. Hakubisha.
Akanipa, na kabla sijaizima
nikasikia maji ya bomba.
Sahani juu ya sahani.
Mtu akikohoa, akiburuta kiti.
Hakuna aliyekuwa akizungumza.

"Ni baba," akanong'ona. "Anatoka zamu saa sita.
Anaosha vyombo.
Hatusemi kitu, tunaacha tu wazi.
Tangu mama aondoke,
hakuna anayelala kabla ya kumsikia mwenzake yupo."

Sheria ni msumeno, nimeiandika ubaoni mara ngapi,
hukata mbele, hukata nyuma.
Sikuwahi kufikiri
kwamba mkono ulioshika mpini
nao ni nyama.

Nikaketi sakafuni, mgongo ukutani,
simu juu ya blanketi, kati yangu na yeye.
Nilimfikiria yule wa namba sita.
Ingekuwa simu hii hii, mikononi mwa mwingine,
ikielekezwa kwenye shuka.
Kule Celje mtu alifuta meza.
Akazima taa: niliisikia swichi.
Jernej alikuwa keshalala, mdomo wazi.
Sikukata. Niliona heri akate wa kule.
Naye, nadhani, alikuwa akimngoja wa huku.
Tukakaa hivyo, watu wazima wawili tusiojuana sauti,
tukimsikiliza mtoto akipumua,
hadi chaji ikaamua.

Asubuhi, mezani, mvuke wa chai ukipanda,
Brina mwenye macho ya karani akaniinamia:
"Mwalimu, kuna aliyevunja sheria?"

Nilikuwa na majina mawili mdomoni,
moja langu.
Nikamwomba anipitishie jamu.